Ulsan, Mji Uliosafisha Jina

Msomaji, ukibahatika kuzuru Korea Kusini, usiishie Seoul. Teremka hadi Ulsan, mji wa bandari ulio kusini-mashariki. Zamani ulikuwa wa wavuvi. Mwaka wa 1962 serikali iliufanya eneo la viwanda. Hapa ndipo kilipo kiwanda kikubwa cha Hyundai, chenye gati lake, ambapo magari huendeshwa moja kwa moja hadi melini.

Kutoka hapa, mwaka wa 1986, gari dogo la Excel lilipelekwa Marekani na kuuzwa dola 4,995. Lilinunuliwa kama njugu, kisha likaanza kuharibika. Madereva wakalifanyia mzaha, jina likachafuka.

Kampuni haikubishana nao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliwapa Wamarekani dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Mwaka wa 2015 ikaanzisha Genesis, jina la magari yake ya kifahari. Mwaka wa 2018 Genesis iliongoza uchunguzi wa J.D. Power kuhusu ubora wa magari mapya Marekani.

Wapo matajiri ambao bado hawaoni gari ila la Kijerumani. Lakini wewe ukiwa Ulsan, zitazame Genesis zikipakiwa melini. Excel nazo zilipitia hapa hapa. Jina huharibika upesi, msomaji. Hili lilichukua miaka thelathini kusafishika.