Mahali Aliposhuka Blériot

Iko picha ambayo wengi hupenda kuitia fremu na kuitundika ukutani: eropleni ndogo yapita juu ya bahari kuelekea majabali meupe. Majabali hayo ni ya Dover, Uingereza, na rubani ni Louis Blériot, Mfaransa.

Alfajiri ya tarehe 25 Julai, 1909, Bwana Blériot aliruka kutoka karibu na Calais. Mguu wake ulikuwa umeungua, akitembea kwa magongo. Wala hakuchukua dira. Siku sita kabla yake, Hubert Latham alijaribu safari hiyo hiyo, injini ikazimika, akatua majini. Katikati ya bahari Blériot hakuona nchi wala meli kwa muda wa dakika kumi hivi. Baada ya dakika kama 36 akashuka kwa kishindo karibu na ngome ya Dover. Propela ikavunjika, mwenyewe akasalimika. Gazeti la Daily Mail likampa zawadi ya pauni 1,000.

Msafiri afikaye hapo huona, katikati ya majani, mawe yaliyopangwa kwa umbo la eropleni. Mwenye picha huona jinsi alivyoruka. Afikaye Dover huona mahali alipoangukia, na hapo ndipo aliposhinda.