Mshauri Mpya Alikuja na Watu Wake Watatu

 Wengi mmetuuliza, sokoni na kule kivukoni, mkutano wetu na mshauri wa komini ulikwendaje. Tunawaandikia kama tulivyousikia sisi wenyewe, bila kutia chumvi. Jina lake hatuliweki hapa. Gazeti letu dogo si la kumpigia mtu kampeni, na tena haya tunayoyaandika yanawahusu washauri wote waliochaguliwa, wawe wa upande gani wa mto.

Kwanza tukumbushane alitokea wapi. Tarehe 20 Desemba 2023 sisi wa mji wa Kindu tulipiga kura nne: ya Rais, ya mbunge wa taifa, ya mbunge wa jimbo, na ya mshauri wa komini. Ndugu zetu wa Kibombo, wa Pangi na wa Kabambare walipiga tatu tu, maana kura ya komini ilifanyika katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006. Kwenye mstari, watoto wakiwa mgongoni na jua likipanda, swali lilikuwa moja: huyu wa nne ni wa kazi gani? Rais tunamjua. Mbunge tunamjua, hata kama hatumwoni. Mshauri wa komini je?

Wazee wanajua kwamba kura ya komini si kitu kigeni katika nchi yetu. Desemba 1957, wakati wa Wabelgiji bado, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville zilipiga kura ya namna hiyo. Katika kura ile Joseph Kasa-Vubu akapata kuwa mkuu wa komini ya Dendale, na Aprili 1958, siku ya kujionyesha kwa watu wake, badala ya kushukuru na kukaa, alisimama akadai uchaguzi wa nchi nzima na mamlaka kwa Wakongo. Miaka miwili baadaye alikuwa Rais. Hotuba ya mkubwa mpya siku ya kwanza inaweza basi kuwa kitu kikubwa. Lakini kura ile ilikuwa ya wanaume peke yao. Bibi zetu walibaki wakitwanga. Mwanamke wa Kongo alipata haki ya kupiga kura mwaka 1967. Ndiyo maana tulipoambiwa kwamba mshauri anataka kuja kujitambulisha kwa wamama, tulisema aje, lakini akute maswali yametayarishwa.

Alikuja na watu watatu. Mwalimu mmoja aliyestaafu, mwenye daftari. Msichana aliyesoma sheria hapa Kindu, ambaye bado anatafuta kazi. Na kijana mmoja wa baiskeli, anayezijua avenyu zote mpaka zile zisizo na kibao. Mshauri akawaonyesha mmoja mmoja, akasema: hawa ndio wanaonisaidia. Mwalimu ataandika shida zenu, msichana atawaeleza karatasi, kijana atapeleka na kurudisha habari. Biro sina. Mkinihitaji, mtanikuta nyumbani kwangu, chini ya mwembe.

Tulipiga makofi kidogo. Kisha mmoja wa wakubwa wetu, anayeuza mawese tangu kabla ya sisi wengine kuzaliwa, akainua mkono. Aliuliza: Baba Mshauri, hawa watatu, ni nani anayewalipa? Akajibu kwamba hakuna, wanajitolea tu, Leta haiwajui. Mama akauliza tena, polepole: na mtu asiyelipwa anakula nini?

Watu walinyamaza. Mwalimu akacheka, lakini hakuwa na la kusema. Swali hilo lilikuwa limebeba kila kitu tunachokijua sisi wenye kupanga bidhaa chini. Mtu anayekuja kwa jina la mkubwa, bila mshahara, siku moja atasema: Mama, toa kitu kidogo cha mafuta ya moto, cha kalamu, cha kadi ya simu. Na wewe utatoa, sababu unaogopa shida yako isilale.

Mshauri hakukasirika, na hilo tunamsifia. Alisema mbele ya watu wote kwamba hakuna hata mmoja wa wale watatu atakayepokea falanga mkononi mwa mama yeyote, na kwamba ukiombwa, umwambie yeye mwenyewe. Tukamwomba mwalimu aliandike neno hilo katika daftari, na mshauri atie sahihi chini yake. Akatia. Wengine walinong'ona kwamba tumemkosea heshima mgeni. Sisi hatuoni hivyo. Katika likelemba yetu tunatiana sahihi hata kati ya dada na dada.

Kisha akaeleza jambo ambalo wengi hatukulijua vizuri, nalo tunaliandika kwa kirefu kidogo. Wale tunaowakuta kwenye biro ya komini si watu wake. Karani wa etasivili, wanaokusanya kodi ya soko, wale wa usafi, wote wako chini ya burugumestre, yaani mkuu wa komini, pamoja na msaidizi wake na washauri wake wa kazi wanaoitwa eshevini. Hao ndio wanaotenda. Mshauri wa komini tuliyempigia kura anakaa katika baraza. Baraza linajadili na kupitisha bajeti ya komini, na linamwuliza mkuu wa komini ametumiaje makuta. Hivyo ndivyo ilivyopanga sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008. Sheria hiyo inataka hata mkuu wa komini achaguliwe na baraza, ingawa kwa miaka mingi tumewaona wakiletwa kwa barua kutoka Kinshasa.

Alisema: mimi siwaamrishi, mimi nauliza. Baadhi yetu walivunjika moyo. Walitaka mtu wa kumtoa kijana wao kasho, wa kumpatia binti kazi, wa kununua bati za shule. Hayo si yake, na mshauri anayeyaahidi anawadanganya. Lakini mtu mwenye haki ya kuuliza, na ambaye lazima ajibiwe, ni kitu ambacho hatukuwa nacho. Sisi tukiuliza, tunaambiwa turudi kesho.

Juu ya hilo la kesho, mmoja wetu alisimama akaeleza habari ya mtoto wake. Alijifungua salama, karatasi ya matenite akaipata. Akaenda kuandikisha mtoto katika biro moja ya mji huu, ambayo hatuitaji. Mara ya kwanza karani hakuwepo. Mara ya pili aliombwa falanga za fomu. Mara ya tatu, za muhuri. Akarudi nyumbani kutafuta, akauza mihogo, na siku zikapita. Alipofika na makuta akaambiwa amechelewa, sasa ni mambo ya tribinali.

Yule msichana wa sheria alikuwa ameketi kimya mpaka hapo. Akasimama, na kwa maoni yetu yeye ndiye aliyetufaa kuliko wote siku ile. Alisema sheria ya familia inatoa siku 90 tangu mtoto azaliwe. Ndani ya siku hizo, kumwandikisha ni bure, kadiri ya sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Baba anaweza kwenda, mama anaweza kwenda, ndugu pia. Mama asiye na mume asirudishwe kwa sababu hiyo. Siku 90 zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali ya watoto, na hapo ndipo safari, karatasi na gharama zinapoanza. Mtoto asiye na cheti atapata taabu kwenye mtihani wa serikali, na akiwa mkubwa atahangaika kuonyesha kwamba ni Mkongo. Basi, wenye watoto wachanga, hesabuni kwenye kalenda leo hii. Msingoje ubatizo wala akika.

Kuhusu soko tulisema maneno mengi na tulipata majibu machache. Mama wa sombe analipa asubuhi kwa mtu mwenye jile, na kabla ya saa sita anakuja mwingine naye anataka. Tuliuliza: kodi halali ni zipi, na kiasi gani? Mshauri hakuwa na orodha. Alisema ataiomba katika baraza, ibandikwe mahali wamama wanapoiona. Tutamkumbusha. Kwa sasa shauri letu ni lile lile: unapolipa, dai tike, na uiweke mpaka jioni.

Akatueleza pia habari ya fedha kubwa, naye mama wa mchele akaigeuza iwe hesabu ya jikoni ili sote tuelewe. Katiba inasema, katika vikombe 100 vya mapato ya taifa, 40 ni vya majimbo. Katika hivyo 40, sheria inatoa sehemu ya 40 kwa mia kwa miji, komini, sekta na sheferi. Ndiyo vikombe 16, vya kugawana wote. Mama wa mchele akauliza kama hivyo 16 vinafika Kindu. Mshauri akatabasamu, akasema njia ni ndefu. Sisi tunaoijua reli yetu na barabara zetu tulimwelewa bila maelezo.

Wa mwisho kusema alikuwa mama wa Alunguli, naye alikuwa na haraka kwa sababu jua lilikuwa linashuka. Sisi wa huku tunasahau kwamba kwa wenzetu kila kitu kinapita majini: mgonjwa, mtoto wa shule, mfuko wa chumvi. Daraja hakuna. Alisema: Baba Mshauri, daraja sikuombi, najua si lako. Naomba mahali pa kushukia. Mvua ikinyesha ule mteremko ni utelezi mtupu, na mama mwenye mimba anashuka akishikwa na wapiga kasia wasiomjua. Ngazi za mawe, na taa moja.

Mshauri alikubali kwamba mitumbwi na mto vina wenyewe wengine katika Leta, lakini ngazi ni jambo ambalo baraza la komini linaweza kulijadili. Mwalimu akaandika. Ni namba 7 katika daftari, chini ya ile sahihi. Tumeomba jibu kabla mvua za Septemba hazijarudi.

Kijana wa baiskeli atapita Alunguli Jumanne ijayo kuangalia mahali penyewe. Wamama wa huko, mwonyesheni mteremko wote, hata ule wa upande wa chini. Maji ya kunywa mpeni, jua ni kali. Falanga, hapana.