Betri Zilizolowa Konde

Mwanangu, jana nilikuona ukifungasha shanta lako la nailoni, lenye zipu zisizohesabika, na kila ukitia nguo moja unachungulia simu kuona kama Pemba kutanyesha. Nami nilikuwa na shanta. Lilikuwa la turubai la kijani, nilitoka nalo Jeshi la Kujenga Taifa, na mkanda wake mmoja nilikuwa nimeushona mwenyewe kwa mshipi wa kuvulia samaki. Mwaka 1985, Oktoba ikielekea ukingoni, nililitia mgongoni nikashuka pwani ya Tanga kutafuta jahazi la Wete. Nilikuwa na umri kama wako, sina mke, sina kazi ya kueleweka, na nia yangu ilikuwa moja tu: kutembea kwa miguu mpaka Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa, nikauone mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900. Mpemba mmoja tuliyelala naye bweni moja jeshini alikuwa amenijaza habari zake mpaka nikauota.

Nahodha alitaka Sh. 80. Tukakubaliana Sh. 60 na kazi ya kufua maji ngamani usiku kucha, kazi ambayo sikujua uzito wake mpaka nilipoianza. Chombo kilinuka mafuta ya sifa na papa mkavu, harufu inayoingia kwenye nguo na kukataa kutoka. Tuliondoka baada ya isha tukitarajia kuliona jua tukiwa Wete, lakini ule ulikuwa msimu wa tanga mbili: kusi imechoka, kaskazi haijakaa sawa, upepo unakuja huku na kule kama mtu aliyesahau alichotumwa. Katikati ya mkondo ukafa kabisa. Tukakaa juu ya maji kama ganda la nazi. Mpaka tunaingia Wete, alasiri, nilikuwa nimelowa mara mbili na kukauka mara mbili nikiwa nimekaa palepale. Watu hupenda kusema harufu ya karafuu humpokea msafiri angali baharini. Huenda, ikiwa hakulala na papa. Mimi niliisikia nilipopanda kutoka bandarini kwenda mjini, na hapo niliiona kabla ya kuinusa: kila penye sakafu, kila ukingo wa barabara, pametandikwa majamvi, na juu yake karafuu, nyingine mbichi bado zina wekundu, nyingine zimeshakuwa kahawia. Mkahawani kikombe cha chai kilikuwa Sh. 2, ukitaka chenye sukari Sh. 3. Nilikunywa cha Sh. 3, nikaona nimetajirika.

Kutoka Wete kwenda Konde ni kilomita 15 hivi, na wakati ule magari ya shamba yalikuja yalipotaka. Nikatembea. Udongo mwekundu wa Pemba ukilowa huteleza kama bamia, nami viatu vyangu vya jeshi vilikuwa vimebaki jina. Mvua yenyewe haikuwa na utaratibu. Upande huu wa kilima inamwagika, ukivuka bonde watoto wanacheza vumbini, wakikutazama ulivyorowana wanacheka. Nilipokaribia Konde mbingu zilikuwa nyeupe, nami nikajisemea leo nimepona. Ghafla nikasikia ukelele wa mwanamke, kisha nyumba zote zikatema watu mbio: kina mama na kanga viunoni, watoto, vijana. Nikasimama kushangaa. Mzee mmoja wa kikoi na kofia iliyofifia rangi akanigeukia kwa hasira. "Yakhe, umesimama kama mnazi! Shika pembe hiyo!" Nikashika. Tukakunja jamvi, tukalikimbiza ukumbini, tukarudia la pili na la tatu, shanta lingali mgongoni. Tulipoingiza la mwisho, mvua ikashuka. Ndipo mzee alipokumbuka kunipa mkono na kuniuliza natoka wapi.

Nilipanga kulala pale usiku mmoja. Nilikaa siku 11. Sikuombwa kubaki, nilikabidhiwa tu pembe ya jamvi kila wingu lilipotanda, na mtu mwenye pembe ya jamvi hawezi kuaga. Karafuu huchumwa ikiwa kitumba, kabla ua halijafunguka, na usiku watu hukaa kuzunguka taa ya chemli kuzichambua na makonyo yake. Kiganja hugeuka cheusi, vidole vikanuka hata ukila muhogo wa nazi unaona unakula karafuu. Kisha huanikwa. Zikipata jua kali siku nne au tano zinakauka, ukiivunja moja inalia; zikinyeshewa au zikirundikwa na unyevu wake zinaoza na kupauka, na kazi ya juu ya mti, ambako watu huanguka na kuvunjika, imekwenda bure. Ndiyo maana nasema nyinyi mnaoogopa kulowa hamjaiogopa mvua bado.

Aliyetutabiria hali ya hewa alikuwa mke wa mzee, Bi Mkubwa tulivyomwita, mama mwembamba mwenye mikunjo myembamba kila pembe ya mdomo, na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Alikaa barazani akisuka ukili. Mimi mwenye macho mazima nilitazama juu nikasema hainyeshi. Yeye aligeuza uso upande wa kaskazini, akavuta pumzi, akasema, "Ishatoka Msuka hiyo." Ukihesabu robo saa, inaingia. Katika siku zote 11 nilimshinda mara moja, na nadhani siku hiyo aliniachia.

Siku ya nne ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Novemba. Unaijua kwenye vitabu: ndiyo siku Mwalimu Nyerere alipompisha Mzee Mwinyi, na nchi nzima ilikuwa redioni. Mzee alikuwa na redio ndogo ya mkulima, lakini betri zilikuwa zimechoka na mpya hazikupatikana dukani Konde kwa bei yoyote. Akafanya kama kila mtu alivyofanya, akazianika juani, nne, zimepangwa kwenye pembe ya jamvi pamoja na karafuu, zipate nguvu ya saa moja. Majirani wakaanza kukusanyika barazani. Bi Mkubwa akanusa. Tukachomoka mbio, nami nikanyanyua pembe yangu kwa haraka kuliko siku zote, nijionyeshe mbele ya wageni. Nilisikia kitu kinadondoka, sikugeuka. Karafuu zote ziliingia salama. Betri tulizikuta baadaye ndani ya dimbwi, zinavuja ute wa kutu. Hakuna aliyenitukana. Mzee alizipanga ukutani, akazitazama, akasema, "Basi Rais tutamsikia kesho." Kesho yake alituletea habari muuza samaki, akatuuzia na tasi kwa bei ya juu kidogo, kwa ajili ya habari.

Kigomasha sikufika. Mara mbili nilifunga shanta asubuhi, na mara zote mbili nilirudi kabla ya msitu wa Ngezi, mara moja kwa mvua, mara moja kwa kuona wingu juu ya Konde na kukumbuka kuwa upande wangu wa jamvi hauna mtu. Mnara niliuona miaka mingi baadaye, nikiwa kwenye gari, na nilikaa pale dakika tano. Siku hizo za 1985 mzee hakunizungumzia bei ya karafuu, mimi mtu wa bara. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba Indonesia, waliokuwa wakinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao, walikuwa wameshapanda za kwao, na soko la dunia lilikuwa linateremka wakati sisi tunakimbia na majamvi.

Asubuhi ya kuondoka, mzee alilichukua shanta langu, akalipindua nje ndani, akalikung'uta uani mpaka kwenye mishono. Zikadondoka karafuu kama kiganja kimoja hivi, nyingine zimevimba kwa maji. Magendo ya karafuu lilikuwa kosa zito, na bandarini wasingeuliza ziliingiaje. Ni kosa mpaka leo. Kwa hiyo nenda, na hilo simu haitakwambia: kabla hujashuka Wete kupanda boti ya kurudi, kung'uta mifuko yote, na ule wa maji pia.