Nililaumu kodi yangu, kumbe ni rangi

Wiki nzima nimekesha hapa Likoni nikiwinda kosa kwenye programu yangu ya kusoma faili za DNA. Rafiki yangu wa maabara alinitumia faili 12 za kipande kimoja cha bakteria wa kifua kikuu. Kila moja ilianza vizuri, halafu karibu na herufi ya 300 vilele vinaanguka ghafla. Nikaandika kodi ya kujaza pengo kwa kubahatisha. Nikikumbuka naogopa: yale yalikuwa majibu ya wagonjwa.

Nikampigia nikiwa kwenye foleni ya feri. Akacheka. "Bwana we, bakteria huyo ana G na C kama asilimia 65. Uzi unajikunja, kimeng'enya kinakwama." Walikuwa wametumia BigDye v3.1, yenye dITP badala ya dGTP ili vilele visibanane. Kwa kazi za kawaida ni nzuri sana. Kwenye mikunjo migumu hukatika. Akarudia kwa mchanganyiko wa dGTP, ikapita, ingawa vilele vingine vilibanana (hakuna cha bure!), ikabidi asome na uzi wa pili kuhakikisha.

Kodi ya kubahatisha nimeifuta. Chini ya Q20, yaani kosa 1 kwa 100, programu sasa inaandika N.