Pesa Nilikula Mimi, Moshi Mnakula Nyinyi

Wasee, wacha niseme ukweli. Mwaka jana fundi fulani aliniambia ule mkebe kwenye ekzosti unabana injini. "Tuutoe, gari iwe nyepesi, nikupatie 15,000." Nilikuwa na deni la kodi ya nyumba. Nikakubali.

Baadaye ndio nikasoma. Huo mkebe ni konvata, na ndani umepakwa platinamu, paladi na rodi, madini ghali sana. Moshi ukipita hapo kukiwa moto, kaboni monoksidi inageuka kaboni dioksidi, nazo oksidi za nitrojeni zinageuka nitrojeni, ile ile tunayopumua kila siku. Fundi hakuwa anasaidia gari. Alikuwa ananunua madini kwa bei ya kutupa.

Kenya iliacha petroli yenye risasi 2006, na risasi ndiyo ilikuwa inaua konvata. Siku hizi tunaziua wenyewe na grainda.

Gari haikuongeza nguvu yoyote. Lakini kila asubuhi nikikwama kwa jam, mama wa chai pale steji anafunika pua na leso. Kwa ile 15,000 yeye hakuona hata shilingi.

Ukiambiwa utoe yako, jiulize kwanza: huo moshi utavutwa na nani?