Mshenga wa Madaftari

Kila ofisi ina daftari lake, na kila daftari lina lugha yake. Hilo si kosa la mtu. Hospitali huandika wagonjwa ili iwatibu, benki huandika wateja ili ijue akiba zao, na msajili wa ndoa huandika wanandoa ili haki zao zisipotee. Taabu huanza siku haja moja inapohitaji madaftari matatu.

Shangazi yangu aliijua taabu hiyo alipofiwa na mumewe. Katika cheti cha ndoa marehemu alikuwa Uthman, kazini aliandikwa Othman, na katika kitabu cha benki alikuwa Athumani, kama sote tulivyomwita. Kwa jirani yeyote huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa mafao walikuwa watu watatu, na mjane wao mmoja akawa anazunguka na hati za viapo. Madaftari yale yalikuwa ya karatasi. Je, kompyuta ingalimwondolea adha ile? Nadhani peke yake ingalimkatalia upesi zaidi tu.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko Marekani, alieleza jinsi ya kupanga data katika majedwali. Mpango wake ulienea sana, lakini haukuifuta mingine: hadi leo zipo kanzidata zilizopangwa kama matawi ya mti, na nyingine zinazotunza nyaraka nzima nzima. Mwaka 1992 Gio Wiederhold wa Chuo Kikuu cha Stanford akapendekeza programu za kukaa katikati, akaziita wapatanishi. Katika mifumo ya namna hiyo mtu huuliza swali moja. Programu hulivunja, huipelekea kila kanzidata sehemu yake kwa lugha inayoielewa, kisha huyakusanya majibu yawe moja.

Mimi ningeiita mshenga. Mshenga hahamishi nyumba ya mtu. Huzijua desturi za nyumba zote mbili, akasema katika kila moja maneno yanayosikilizwa humo.

Estonia wameifuata njia hiyo tangu mwaka 2001 kwa mfumo wao wa X-Road. Hakuna daftari kuu lililoyameza mengine. Kila taasisi hubaki na lake na kulitunza, na wengine huuliza kwa ruhusa. Huwasaidia kwamba kila mkazi ana namba moja ya tarakimu 11, hata jina likiandikwa vingine. Nasi Tanzania tunayo namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20. Lakini namba haiwarudii waliokufa kabla yake. Hao wamebaki na majina tu, nao ndio walioacha wajane na mashamba.

Hapo ndipo mshenga hupimwa. Kumgawa mtu mmoja kuwa watatu ni adha. Kuwaunganisha wawili kuwa mmoja ni dhuluma, maana haki ya mjane huyu huingia mfukoni mwa mwingine, na kompyuta haitaona haya. Kwa hiyo sitaki mashine inayojua kila kitu. Nataka ile inayositi penye shaka, ili karani ainue macho amsikilize mama aliyesimama mbele yake.