Kwa Mpwa Wangu Anyanyuaye Vyuma

Unguja

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, nami nikamsomea mamako yale ambayo hukukataza asomewe. Umeniuliza je, mtu mwenye uzito wa kilo 60, anyanyuaye vyuma siku 4 katika juma ili misuli yake ijae na nguvu zake zizidi, ale protini kiasi gani kwa siku, na je, hana budi kununua lile kopo la unga ambalo wenzako wa huko Dar es Salaam wanakuambia kwamba bila yake jasho lote hupotea bure. Mimi niliyesomesha elimu ya viumbe umri wangu wote wa kazi nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa katika barua hiyo hiyo nimesoma kwamba umeacha kula wali, na habari hiyo imenitia wasiwasi kuliko hilo kopo.

Kadiri yenyewe ni hii. Mtu mzima asiyejishughulisha na kazi nzito hutosheka na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na kiwango hicho kimewekwa ili mtu asipungukiwe, hakikuwekwa kwa ajili ya mwenye kutaka kuongeza nyama ya mwili. Kwa huyo wa pili, ushahidi ulio bora niujuao ni ule uliokusanywa mwaka 2018 na Robert Morton na Stuart Phillips wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, pamoja na wenzao, waliochambua tafiti 49 zenye watu 1,863, wakaona kwamba misuli huzidi kadiri protini inavyozidi hata kufikia takriban gramu 1.6 kwa kilo, na kwamba baada ya hapo nyongeza haikuleta faida ya kuonekana. Na kwa kuwa watu hawalingani, wako wanaofika gramu 2.2 kwa tahadhari. Basi kwako wewe hesabu ni gramu 96 kwa siku, sema 100, na hata ungekuwa mwenye tahadhari kupita wote hungehitaji kuvuka 130. Lakini tazama na upande wa pili wa utafiti huo, ambao wauza makopo hawautaji: wale walioongezewa protini waliwapita wenzao kwa kiasi cha gramu 300 tu za nyama ya mwili, na kwa kilo 2 na nusu hivi za chuma wawezacho kukiinua, na sehemu kubwa mno ya nguvu walizozipata, wao na wenzao, ilitokana na kazi yenyewe ya kunyanyua.

Amma kuhusu wali, nataka unielewe vyema, maana dhana iliyokuingia, kwamba nguvu za msuli hutoka katika protini pekee, ni ya kale, na ilikwisha kupata jibu lake. Katika karne ya 19 mwanakemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alishikilia kwamba msuli unapofanya kazi huiunguza protini yake mwenyewe, na kwa hiyo mwenye kazi ngumu ale nyama kwa wingi ili airudishe ile iliyoungua. Na kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa, watu wakamsadiki. Mwaka 1865 wanazuoni wawili wa Zürich, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, wakaupanda mlima Faulhorn ulioko Uswisi, baada ya kukaa tangu siku iliyotangulia bila ya kutia kinywani chakula chenye protini, wakila vijikate vya wanga vilivyokaangwa kwa mafuta na kunywa chai ya sukari, na mkojo wao wote wakauhifadhi ili wapime naitrojeni iliyomo, kwani naitrojeni ndiyo shahidi wa protini iliyovunjika mwilini. Walipopiga hesabu wakakuta kwamba protini waliyoipoteza haikuweza kabisa kutoa nguvu ya kuubeba mwili hata kileleni. Kazi ile ilikuwa imefanywa na wanga na mafuta. Ndivyo ilivyo kwako pia unapokiinua chuma kutoka chini. Protini kazi yake ni kuutengeneza na kuukuza msuli, na ukiunyima mwili wali, ndizi na muhogo, wenyewe utaichukua ile protini uliyoigharimia na kuifanya kuni, mfano wa fundi wa jahazi aliyeletewa mbao njema bila ya posho, mwisho akazipasua apikie chakula chake. Kula wali wako, mwanangu, ushibe.

Sasa twende jikoni, mahali ambapo shauri hili lina utamu wake. Yai moja la wastani lina gramu 6 za protini, na gilasi ya maziwa, mabichi au ya mgando, ina gramu 8. Kuhusu kunde, choroko, mbaazi na maharage, usihadaike na jedwali zinazoandika kwamba yana gramu 22 katika kila gramu 100, ukadhani kwamba sahani yako ndiyo hiyo, kwani hesabu hiyo ni ya punje kavu, nayo ikishalowekwa na kuchemshwa hunywa maji hata gramu 100 zilizoiva zikabaki na protini gramu 7 hadi 9. Samaki ni kinyume chake, hupoteza maji motoni, na nguru au changu mwenye gramu 20 akiwa mbichi hukaribia 25 akiiva, na pweza aliyechemshwa barabara hukaribia 30, ila upime mnofu mtupu, usihesabu miba wala ngozi. Basi asubuhi ukila mayai mawili na bakuli la mbaazi za nazi pamoja na mandazi na chai ya maziwa, umekwisha kupata gramu 30 au pungufu kidogo. Mchana sahani ya wali na kipande cha samaki chenye mnofu wa gramu 100 kitakupa 30 na ushei. Alasiri konzi ya karanga, gramu 7. Usiku kikombe kikubwa cha maharage, ugali au chapati mbili, na gilasi ya maziwa ya mgando, 30 nyingine. Jumla inakaribia mia yako, na hapana hata kimoja hapo ambacho nyanya yako asingekijua.

Huenda wenzako wakakuambia kwamba protini ya nafaka na kunde ni duni. Katika neno hilo mna ukweli wa nusu. Protini zote zimefanyika kwa asidi za amino, na 9 katika hizo mwili hauwezi kujitengenezea, sharti zitoke katika chakula. Mahindi, mchele na ngano zina upungufu wa ile iitwayo laisini, na jamii ya kunde zina laisini tele lakini zimepungukiwa na methionini. Ukila wali kwa maharage, au makande, kila kimoja hukitimizia kingine upungufu wake, wala si lazima vikutane katika tonge moja, almuradi vikutane katika siku moja. Illa mwenye kutegemea mimea mitupu azidishe kiasi kidogo, kwani protini ya mimea husagika tumboni kwa shida zaidi kuliko ile ya yai na samaki.

Jambo ninalokusisitizia zaidi ni kuigawanya protini yako katika siku nzima. Mwili hauna mahali pa kuiweka akiba, na desturi yetu wengi ni kupambazukiwa kwa chai ya rangi na kipande cha mkate, tukala cha maana usiku tu. Weka gramu 20 hadi 30 katika kila mlo mkuu, wala usikimbizane na saa mara tu ushushapo chuma, kwani msuli uliofanyishwa kazi huendelea kujijenga kwa saa 24 na zaidi. Ramadhani ikifika, futari zetu ni muhogo, viazi vikuu na ndizi, chakula kitamu na cha baraka, lakini ni wanga mtupu. Basi tia samaki au kunde pembeni, na daku usiliache hata kama usingizi ni mzito, ule mayai na maziwa.

Kuhusu kopo, aghalabu ndani yake mna protini ya maji ya maziwa yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini, yakakaushwa. Kijiko chake kimoja kikubwa kina gramu 20 hadi 25, yaani sawa na kipande chako cha samaki. Si haramu, wala si sumu likiwa halisi, na mtu asiye na nafasi ya kupika huenda likamfaa. Lakini kwa mwanafunzi anayepelekewa fedha na mamake, kununua hilo na kukosa nauli ni israfu. Nisilolivumilia ni sindano na vidonge vya homoni ambavyo nasikia vinatembezwa katika baadhi ya majumba ya mazoezi. Sitakuambia kwamba havijengi misuli, maana vinajenga. Lakini huzifinyaza korodani na kukata mbegu za uzazi, huutanua moyo na kuudhoofisha, na vile vya kumeza huliumiza ini. Nakukataza kwa haki yangu ya ujomba, na ukimwona rafiki yako anavitumia usimwache peke yake na shauri hilo.

Figo zilizo nzima haziumizwi na kiasi nilichokutajia, bali figo zenye maradhi huumizwa. Na kwa kuwa katika ukoo wetu sukari na shinikizo la damu vimepita, nenda hospitali ukapimwe damu na mkojo kabla hujaongeza chochote, uniandikie walichokuambia. Lala saa 7 au 8 kila usiku, maana nimeona barua yako umeiandika alfajiri.

Mamako anakuletea kwa boti ya kesho pishi ya mbaazi kavu na fuko la dagaa. Dagaa uwakate vichwa, uwaloweke kidogo katika maji ya vuguvugu, kisha uwakaange kwa kitunguu, nyanya na ndimu. Gramu 20 zao wakiwa wakavu zina protini inayolingana na mayai mawili. Fuko ulifunge vizuri, unyevu wa huko Dar es Salaam usije ukawaharibu.

Wasalaam,
Mjomba wako